Vipande Saba vya Damu ya Mzee

Pa, pa, pa, kisha chraaa. Mpaka leo nausikia mlio ule. Pa ni kitambaa kikigonga kaunta kila mita moja inapopimwa, na chraaa ni kuchanwa, maana dukani kwetu hatukati kwa mkasi mpaka mwisho. Unatia ncha tu, halafu unachana kwa mikono ili kinyooke. Siku hiyo nilikuwa stoo, juu ya ngazi, nikitafuta satini nyeupe. Mwenzangu alikuwa kaunta. Nikajikuta nahesabu michano bila kukusudia. Ikaishia saba.

Mwenzangu huyo ndiye aliyenifundisha kazi kwenye duka lile la vitambaa, Kariakoo, upande wa Mchafukoge. Binti wa Kichaga, mwepesi wa maneno. Mimi nimekulia Gerezani, shule nimeishia kidato cha pili, na nina ugonjwa wangu mmoja: watu wakicheka, nahisi wananicheka mimi. Mteja akitoka bila kuaga nakosa raha mpaka jioni, nikijiuliza nimemkosea nini. Siku moja mama mwenye duka alikohoa mara mbili akiniangalia, nikajua nafukuzwa kazi.

"Mama ana mafua, we bibi," mwenzangu akaniambia. "Usijitungie filamu."

Basi nikacheka, yakaisha. Kwa miaka miwili yeye ndiye aliyekuwa akinisomea nyuso za watu, kama mjukuu anavyomsomea bibi yake barua.

Alipochumbiwa alichagua marafiki wanane wa kuvaa sare kwenye sendofu yake, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, na kumwingiza ukumbini wakicheza. Na mimi nikiwamo! Kitambaa tulikichagua pamoja, rangi ya damu ya mzee, chenye maua ya dhahabu. Kila nikirudi nyumbani nikawa najifunza kuingia ukumbini, nimekumbatia ufagio, mama yangu ananipigia makofi.

"Inua uso, mwanangu," ananiambia. "Kwani umeangusha nini huko chini?"

Kwa hiyo niliposhuka ngazi siku ile na kuliona jora la damu ya mzee limekonda, nilimuuliza, "Hizo si sare zetu? Mbona saba?"

Hakuinua macho. Alikuwa akivisukumia vile vipande kwenye mfuko. "Za mteja. Ushaanza?"

"Nimeuliza tu."

"Umeanza. Sendofu yenyewe imesogezwa mbele, baba mdogo hajapata ruhusa kazini. Ikifika, yako nitakuchania mimi mwenyewe."

Nikaona aibu. Nilimwomba msamaha, wallahi, na mchana nikamnunulia juisi ya miwa, ile yenye tangawizi na ndimu anayoipenda. Akainywa yote.

Jumamosi hakuja, alisema anaumwa jino. Jumatatu akatokea na kucha nyekundu ndefu, sauti imemkauka. Moyo ulitaka kuniambia jambo, nikauziba mdomo. Kucha ni kucha, nikasema. Koo ni vumbi la Kariakoo.

Saa nne alitoka kwenda kunywa chai. Nyuma yake akaingia dada mmoja anayeuza viatu mtaa wa pili, naye ni katika wale wanane. Akachomoa gauni kwenye mfuko.

"Niokoe, shoga! Limenichanikia ukumbini, huku nyuma, nacheza mimi na mjomba wa bibi harusi! Nipatie kipande cha kuzibia."

Gauni lilikuwa damu ya mzee, maua ya dhahabu.

"Ukumbi gani?" nikauliza.

Akanitazama kama mtu aliyetoka usingizini. "Si sendofu ya mwenzio, Jumamosi. Tuliambiwa umekataa mwenyewe, eti watu wakiwa wengi unashikwa na homa. Tena tukakuonea huruma."

Nikampa kipande. Nakumbuka nilitabasamu, nikamtakia siku njema.

Mwenzangu aliporudi hakunyoosha moja kwa moja mpaka kaunta. Alisimama mlangoni, akaniangalia; bila shaka alikuwa amepishana njiani na yule dada wa viatu.

"Usinune," alisema. "Ungekaa pale unaniuliza kila dakika, yule kaniangaliaje, wale wanacheka nini. Ile ilikuwa siku yangu, bwana."

"Sawa. Na siku ile nilipokuuliza?"

"Sasa ningekwambiaje?"

Huenda alisema kweli. Ningemuuliza, tena sana. Hilo naweza kumsamehe, na kuna siku nikiosha vyombo najikuta nimeshamsamehe. Kinachoniuma ni kuniambia najitungia, huku mfuko uko miguuni pake. Nilikuwa nimeona sawasawa, kwa macho yangu, mara ya kwanza maishani, naye akanifanya niombe msamaha. Sasa hata yale mafua ya mama mwenye duka sina hakika nayo.

Kesho yake niliwahi, mama mwenye duka akanipa funguo nifungue. Mtaa ulikuwa bado mweupe, wabeba mizigo tu wakitaniana ng'ambo ya barabara. Wakaangua kicheko. Nikainama, halafu nikaingia ndani.

Nililishusha jora la damu ya mzee, lililokuwa limebaki kidogo. Nikaweka hela kwenye droo, nikapima mita moja. Pa. Nikatia ncha ya mkasi, nikachana. Nikajifunga kilemba mbele ya kioo cha wateja, nikaenda kufungua milango yote miwili.