Mti wa Dative, Mwekundu Mpaka Mfupani

Kwetu Rugerero, ng'ambo ya mpaka na Goma, udongo ni mweusi, wa volkano, na hauna subira. Ukichomeka mkongojo chini ili ufunge viatu, ukiinuka unakuta umetoa majani. Kwa hiyo msishangae nikisema pome za porini zilitujazia vilima.

Waliotoka Tanzania wanaziita matofaa. Padri mmoja wa zamani alileta kapu moja kutoka kwao, watu wakala, wakatema mbegu njiani wakienda sokoni Mahoko, wakarudi wakitema tena. Ukitaka kujua wazee wetu walipita wapi, fuata miti ya pome. Walipokaa kupumzika pana msitu. Walipogombana na kuondoka mbio hapana hata mmoja. Lakini mbegu ya pome haina adabu kama mharagwe. Inazaa mtoto asiyefanana na mama yake. Mti huu mtamu, mdogo wake mchungu hivi kwamba mbuzi aliyeonja alibaki mdomo wazi mpaka Pasaka. Katika miti yote ile hukupata miwili ya namna moja.

Wa Dative ulizidi. Majani yake machanga mekundu, nyama ya tunda nyekundu, na ukikwangua gome, mti wenyewe mwekundu kama ulimi. Hata kivuli chake, wanasema, kilikuwa na wekundu. Hiyo sikuiona, nimejikuta tu nikiisema.

Dative aliuza sambaza, dagaa wa ziwa letu, bandarini Rubona. Mumewe, mvuvi, alichukuliwa na ziwa mapema, akamwachia kipande cha shamba chenye mti huo pembeni. Vita ilipokuja alikimbilia Goma. Aliporudi, mwisho wa mwaka wa tisini na sita, mti haukuwepo na shamba lilikuwa na maharage ya watu wengine. Bila kile kipande alibaki na beseni la samaki na nyumba isiyo na mlango.

Watu wenyewe walikuwa Phocas na mkewe Xavérine, waliorudi kutoka Tanzania baada ya ukimbizi wa miaka mingi. Waliambiwa shamba halina mwenyewe. Hawakuwa wabaya, na hapo ndipo jambo lilipokuwa gumu. Mtu mbaya unamtukana, unamaliza.

Narcisse, responsabule wa seli yetu, yaani kiongozi wa mtaa, akatukusanya shambani.

"Mama Dative, unaonyesha nini kama hii shamba ni yako?"

"Karatasi sina. Ilikuwa na muti wangu wa pome, kwenye ile pembe. Mwekundu mupaka mufupani. Mwingine kama ule hauko, hapa mupaka Mahoko."

Phocas akavua kofia. "Shikamoo, mama. Sikubishii. Lakini mti wenyewe uko wapi? Pembe ile ina maharage."

"Labda mti ulikimbia naye Goma," akasema jirani, mzee Kadiri, na watu wakacheka.

"Ungekimbia ungenishinda, Kadiri. Mi niko na magoti kama yako."

Dative akaingia katikati ya maharage, kama mtu anayetafuta sindano. Maharage yetu hupanda juu, yanataka fimbo, na msimu wa kupanda ukifika, mtu hukata hata mkongojo wa babu yake. Dative akapita akizigusa fimbo: mkaratusi, tete, mkaratusi. Kisha akasimama, akakwangua moja kwa ukucha. Nyekundu. Ya pili, nyekundu. Ya tatu ilikuwa imechipua jani, na jani lilikuwa jekundu.

"Ona, Narcisse!"

"Fimbo hukatwa popote, mama," Phocas akasema taratibu.

Ilikuwa kweli. Narcisse akakuna kichwa. Dative akabaki ameshika ile fimbo.

"Nilizikata mimi," akasema Xavérine, mtoto mgongoni.

"Xavérine!"

"Niache niseme, mume wangu. Tulipofika palikuwa na kisiki pembeni pale, kinatoa machipukizi mekundu. Fimbo hizi nilizikata pale pale. Kisiki ulikichimba mwenyewe, tukapikia."

Machipukizi ya kisiki si kama mbegu. Ni mti uleule. Phocas alimtazama mkewe kama mtu aliyemwagiwa uji kifuani. Halafu akarudisha kofia kichwani.

"Basi shamba ni la mama."

"Donc, basi muondoke wiki hii," Narcisse akasema.

"We Narcisse!" Dative akageuka. "Nani alikufundisha kung'oa maharage yenye maua? Wavune kwanza." Akamrekebishia Xavérine kitenge cha mtoto kilichokuwa kinateleza. Kisha akamwambia Phocas: "We unajua kutengeneza mulango?"

"Najua, mama."

"Bon. Kuja kesho na nyundo. Mambo ya nyinyi kupanda tena hapa, tutaongea mvua ikirudi."

Phocas akaja. Mlango ule unafunga vizuri mpaka leo, ila unalia kama bata aliyekanyagwa.