Herufi Iliyochelewa

Mwaka 2015 nilikuwa nikiishi ugenini, mtaa wa Troyeville, na kwa kujitolea nilikuwa mmoja wa wakaguzi wa mfumo endeshi wa kompyuta unaotengenezwa na watu waliotawanyika duniani kote. Sehemu yangu ilikuwa terminali, ile skrini isiyo na picha, yenye maandishi matupu. Hakuna rekebisho lililoingia bila mtu kulisoma na kuandika chini yake, "Nimekagua." Nilikuwa mkali. Watu waliniogopa hata kwa barua pepe, na nikiri tu, nilipenda kuogopwa.

Siku moja likaletwa rekebisho la kuongeza kasi. Zamani kila herufi iliyobonyezwa ilipelekwa kwenye skrini peke yake. Sasa ingesubiri kidogo, ikipata mwenzake ziende pamoja, mashine ipunguziwe kazi. Jicho lisingeona tofauti. Ulikuwa msimu wa mgao wa umeme, na mtaa wetu ulikatiwa mchana. Nikafanya kama nilivyozoea siku za mgao: nililichapa karatasini asubuhi, nikalisoma dirishani na kalamu nyekundu mkononi. Lilikuwa safi, tena zuri mno. Umeme uliporudi nilipaswa kulijaribu kwenye mashine. Sikulijaribu. Niliandika "Nimekagua", nikaenda kupika.

Mtaa wa jirani, Yeoville, kulikuwa na mzee wa Kikongo, mwalimu wa zamani wa Lubumbashi, aliyepoteza macho ukubwani. Katika chumba nyuma ya saluni aliwachapia wenzake barua za maombi. Kompyuta yake niliitengeneza mimi: terminali tu, na programu inayotamka kila herufi anayobonyeza. Toleo jipya lilipotoka nilimwekea mwenyewe, kifua mbele.

Baada ya wiki tatu nilipita kumjulia hali. Kibodi ilikuwa imefunikwa kitambaa.

"Shikamoo, Mzee. Leo huna kazi?"

"Marahaba, mama. Kazi nilishaacha. Mikono ilishazeeka. Nafinya herufi, sisikie kitu. Nafinya tena, zinakuya mbili. Mutu mumoja alirudisha barua yake, ku ofisi balimuchekelea. Nilisikia haya sana."

"Mbona hukuniita?"

"Kazi ya mikono yako, mama, miye niitafutie makosa? Hapana. Kosa ni yangu."

Nilifunua kibodi, nikabonyeza herufi moja. Kimya. Nikabonyeza nyingine, zikatamkwa zote mbili kwa mpigo. Ucheleweshaji ule usioonekana kwa jicho uliichanganya programu yake ya kutamka, ikawa inasubiri herufi ya pili. Katika wakaguzi wote wa terminali, huenda ni mimi peke yangu niliyemjua mtu anayeitumia kwa masikio, na nilimjua kwa sauti, kwa kikohozi, kwa chai aliyonipa. Siku ile dirishani sikumkumbuka hata kidogo. Niliona aibu ambayo mpaka leo haijanitoka.

Nilimrudishia toleo la zamani palepale, na kabla sijaondoka niliwaandikia wenzangu kwamba ukaguzi wangu ulikuwa wa uongo, rekebisho liondolewe. Mzee akabonyeza herufi moja. Ikatamkwa. Akairudia mara nyingi, ameinamisha kichwa.

"Basi haikuwa miye?"

"Haikuwa wewe, Mzee. Ilikuwa mimi."

"Eish," alisema. "Jumapili nilisimama mu kanisa. Nilibaambia bantu miye sina faida tena. Baliniombea."

Nilimwomba radhi. Alisema amenisamehe, lakini akaniomba nikawaambie na wale wa kanisani, maana akisema mwenyewe wangedhani anajitetea.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa lake, mimi Mwislamu wa Tanga na mtandio wangu kichwani. Nilieleza kwamba mikono ya mwalimu haikuwa na kasoro yoyote, kwamba niliandika nimekagua kitu ambacho sikukijaribu. Watu walipiga makofi, wengine wakaimba. Mzee hakupiga makofi. Alikuwa ameketi kiti cha mbele, ameiweka mikono yake mapajani, anaipapasa kidole kimoja kimoja.