Presha ya Risasi

Kaka yangu alipoteza jicho lake la kulia wakati akichagua risasi. Sisemi kwamba risasi ilimpiga. Laiti ingempiga, angalau tungekuwa na kisa cha heshima cha kuwasimulia watu. Yeye alikaa kwenye kochi, katika nyumba yake ya kupanga kule Kilburn, simu mkononi, akawa anachagua tu, na jicho likaenda zake taratibu. Nimejaribu kumhurumia. Huwa naweza, mpaka afungue mdomo.

Bunduki yenyewe haikuwa hata London. Sheria ya hapa haimruhusu mtu kama yeye kumiliki bunduki ya aina ile, inayojipakia yenyewe kila ukifyatua na kupiga masafa marefu. Ilikuwa Texas, kwa mtoto wa mjomba wetu, ambako fundi alikuwa akiiunda kwa vipimo vya kaka: kitako kulingana na urefu wa mkono wake, mtutu wa kuagiza, darubini juu yake. Kila kiangazi, yake ikiwa bado haijakamilika, alipanda ndege kwenda kulala kifudifudi vumbini na bunduki ya huyo binamu, akalenga bamba la chuma lililowekwa mbali mno. Mwaka wa kwanza alilipiga, na picha ya lile bamba ikazunguka kwenye kundi la ukoo mpaka shangazi zetu wakauliza kama ni sufuria. Mwaka wa pili alilipiga mara chache. Mwaka wa tatu hakupiga kitu, akarudi London na jibu.

“Risasi ya six-five haifai,” alinitangazia hata sijavua koti. “Upepo unaisukuma. Nahitaji risasi mbadala.”

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Maneno hayo baba yetu alikuwa akiwaambia wanafunzi wake, maana alikuwa mwalimu Singida, kabla yeye mwenyewe hajaanza kusingizia. Alianza na taa, kwamba ina mwanga hafifu. Akaja kwenye vitabu, kwamba siku hizi wanachapa kwa wino mwembamba. Akamalizia kwa jirani, kwamba amemroga. Alikufa haoni hata mlango ulipo, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kusema neno “kipofu.” Tulisema “macho ya baba” tu, tukaendelea na shughuli zetu.

Kwa hiyo kaka akaanza kutafuta mbadala, na kutafuta kwenyewe kulihitaji baraza. Baraza lilikutana kwake kila Jumamosi. Alikuwepo rafiki yake wa Mombasa, mwenye duka la simu pale barabara kuu, na Mzanzibari mmoja anayefanya hesabu za watu. Wote wawili hawajawahi kushika bunduki maishani mwao, hata ya maji. Hilo halikuwazuia. Walikuja wameshiba, wakakaa kwa kujinyoosha, na wifi yangu, ambaye kutwa nzima amesimama kazini uwanja wa ndege, aliwawekea sahani ya bajia na kwenda kujifungia chumbani. Mimi nilikuja kumwona yeye, si wao, lakini ukuta wa nyumba ile ni mwembamba na sauti za wanaume wasio na wanalolijua ni nene.

“Tatizo la bunduki inayojipakia ni presha,” kaka alikuwa akieleza, akikunja vidole kama mhadhiri. “Risasi ikiwa na presha kubwa kupita kiasi, ile gesi inarudi kwa nguvu, inapiga vyuma vya ndani, vinachoka. Huoni kitu kwa nje. Unakuja kushtuka, imeshaharibika.”

“Sasa si uchukue three-oh-eight,” alisema wa Mombasa. “Hiyo ni ya wazee. Haina maneno.”

“Nzito hiyo, yashuka mbio,” alidakia Mzanzibari, aliyekuwa ametazama video. “Miye ningekwenda kwenye six. Ndogo, presha yake yataka uangalifu tu.”

Nao waliendelea hivyo mpaka bajia ziishe: six, six-five, three-oh-eight, ganda refu, ganda fupi. Jumamosi iliyofuata wakaanza upya, kama watu waliosahau kila kitu njiani kurudi kwao. Zaidi ya mwaka mzima walichagua risasi. Kuna watu wamechagua mke kwa muda mfupi kuliko huo, na kaka yangu ni mmoja wao.

Katikati ya hayo ndipo alipoingia kwa mpima macho. Hakwenda kwa hofu. Ghala analosimamia zamu kule Hayes lilitaka watu wa kwenye kompyuta wapimwe, na lenyewe ndilo lililolipa. Yule mpimaji alimwambia kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba pressure ya jicho lake la kulia iko juu, na kwamba hospitali watampigia simu. Kaka akatoka pale, akamkuta mkewe jikoni, akamwambia: “Nimeambiwa nina presha.”

Mswahili ukimwambia ana presha, haulizi presha ya nini. Presha ni ya damu, basi. Ukoo mzima ukaamka. Shangazi akapiga simu kutoka Singida kukataza chumvi. Wa Mombasa akaleta maji ya ukwaju, Mzanzibari akaleta mbegu za habdasoda, na mimi nikabeba vitunguu saumu kutoka Edmonton mpaka abiria mwenzangu kwenye treni akahama kiti. Kaka akatafuna, akanuka, akaenda kwa daktari wake wa mtaa, akafungwa ule mkanda wa mkononi. Presha ikakutwa safi kabisa.

“Imeshuka,” akatangaza. “Kitunguu saumu si mchezo.”

Hospitali ya macho walipopiga simu, aliwaambia amepona, nafasi yake wampe mgonjwa. Alilirudia jambo hilo mbele ya baraza, akijisifu kwa uungwana wake, na baraza likamsifu. Kisha wakarudi kwenye presha ya risasi.

Ukweli niliujua Jumapili moja kwangu Edmonton. Walikuja yeye na wifi kula mchana, na baada ya chakula akashika birika amimine chai, huku akitueleza jinsi binamu anavyomhimiza aamue, fundi anasubiri. Chai ikaanza kumiminika pembeni ya kikombe. Haikuwa tone la bahati mbaya. Ilimiminika yote juu ya kitambaa cha meza, ikafika ukingoni, ikamwagikia wifi mapajani, na yeye bado anazungumza. Wifi aliposimama kwa kelele, kaka alitazama chini.

“Kikombe hiki kimekaa vibaya,” alisema.

Nilikuwa nimesikia taa, nimesikia wino, nimesikia jirani. Nilizunguka meza nikamziba jicho la kushoto kwa kiganja changu, kwa nguvu ambayo siiombei radhi.

“Unaniona?”

Akataka kuuondoa mkono wangu.

“Kaka, nakuuliza. Unaniona?”

“Kuna ukungu.”

“Tangu lini?”

“Si mwingi. Unaanzia huku juu.” Akapunga mkono hewani. “Ulianza kwenye darubini. Nikadhani ni kioo.”

Hapo ndipo nilipomdharau hasa, na nitaeleza kwa nini. Mtu wa kawaida jicho moja likififia hajui, kwa sababu la pili linambebea. Anaweza kwenda miaka hivyo, na hana kosa. Lakini kaka yangu alikuwa na mchezo mmoja duniani, na mchezo wenyewe ni kufunga jicho la kushoto na kutazama kwa la kulia. Kila alipolala kwenye lile vumbi alijipima mwenyewe. Kila mara alipata jibu lilelile, na kila mara akalaumu kioo, upepo, baruti, ganda. Watu wengine hukosa wa kuwaambia. Yeye aliambiwa na jicho lenyewe, akaliona halina elimu ya kutosha kuhusu bunduki.

Nilimpeleka hospitali kama unavyompeleka mtoto mtoro shule, nikimshika mkono wa koti. Daktari alikuwa dada mpole, mdogo kuliko sisi, ambaye upole wake ulinikera kwa sababu nilitaka amfokee. Alimwonyesha picha ya mshipa ulio nyuma ya jicho. Akasema kilichoondoka upande wa kulia hakirudi. Wa kushoto nao umeanza kuguswa, lakini akitia dawa kila jioni bila kuruka, jicho hilo anaweza kuzeeka nalo.

“Did anyone ever tell you the pressure was high?” akauliza.

“Yes,” kaka akajibu, tena kwa fahari kidogo. “But I brought it down. With garlic.”

Daktari alinitazama mimi. Mimi nikatazama sakafu.

“Anyone in the family with eye problems?”

“No. My father was just old.”

“My father went blind,” nikasema.

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutamkwa katika ukoo wetu, na lilitamkwa kwa Kiingereza, mbele ya mgeni. Daktari akaandika, akaniambia na mimi nipimwe kwa kuwa ugonjwa huu hutembea katika damu. Nilipimwa wiki hiyohiyo. Mimi ni mzima mpaka sasa, na sijui kwa nini iwe mimi niliyesalimika.

Tulipotoka nilimkalisha kwenye kiti cha korido, nikamweleza kwa lugha yetu. Nikamwambia ndani ya jicho kuna maji, maji yakikosa njia ya kutokea yanasukuma, na msukumo huo ndio presha, unakandamiza mshipa wa kuonea kidogokidogo. Nikamwambia huoni kitu kwa nje. Unakuja kushtuka, imeshaharibika. Aligeuka kunitazama kwa haraka, maana maneno hayo yalikuwa yake. Katika London nzima sidhani kama yupo mtu aliyezungumzia presha kwa muda mrefu kuliko yeye. Nilingoja alie. Ningemkumbatia, naapa.

“Sasa si wangesema vizuri,” akasema.

Wifi humtia dawa siku nyingi, na siku ambazo yuko zamu ya jioni nakwenda mimi. Mwenyewe hawezi. Amejaribu, na tone huangukia puani. Baraza limehamia kwenye duka la simu, na nasikia Mzanzibari sasa anashauri watu juu ya macho.

Jioni moja nimefika na kuvua viatu, binamu akapiga simu. Bunduki iko tayari, fundi anataka neno la mwisho: risasi gani? Kaka akahamishia simu sikio la pili. Nikajua anakwenda kumwambia habari ya jicho.

“Muulize fundi,” akasema, “kama anaweza kuigeuza iwe ya mtu wa kushoto. La kushoto bado zima.”

Nilikuwa nimeshika kile kichupa. Nilikuwa na hasira, nami sifichi. Nikangoja akate simu, nikamwambia alale chali kwenye kochi lake la kuchagulia risasi. Nikamwinamia, nikabonyeza. Tone likaangukia shavuni, likateremka mpaka sikioni.

“Umekosa,” akasema.

“Upepo,” nikamjibu.

Sikutania. Nilitaka imuume, na iliingia. Alilala vile, shavu limelowa, hajifuti. Kisha akalipanua jicho la kushoto kwa vidole viwili na kubana pumzi, kama anavyofanya, nadhani, kabla ya kufyatua.

“Rudia, mdogo wangu,” akasema. “Ni mimi niliyepepesa.”