Babu Komba Amekata Kauli

Jamani, aibu hii nilitaka ifie kulekule Lundo, lakini Mbinga nzima wanaijua, kwa hiyo bora muisikie kwangu mwenyewe, maana wengine wanaongeza chumvi (na lililotokea halihitaji chumvi).

Mimi ndiye fundi wa mitandao wa shirika letu la wakulima na wavuvi, fundi peke yangu, na nilikuwa nimechoka. Simu zetu kati ya ofisi ya Mbinga na kituo cha Lundo kule ziwani zinapita kwenye intaneti, sauti ikawa inakatikakatika, bosi akataka ruta, ile mashine inayopitisha intaneti, itume meseji kila sauti ikiharibika. Nikaweka. Kwenye jina la kituo nikaandika Babu Komba, mlinzi wa pale, kwa sababu ndiye anayepokea simu zote, na kwenye ujumbe, kwa utani wangu wa kijinga, nikaandika "amekata kauli, hali mbaya", nikijua nitausoma peke yangu. Sauti ilitakiwa ichelewe milisekunde mia moja na hamsini ndipo ruta ilalamike, mimi nikasahau sifuri nikaweka kumi na tano, yaani ilalamike kwa kila kitu. Na kwenye wapokeaji palikuwa na tiki kwenye "Wote", yaani wafanyakazi wote, sikuigusa.

Kesho yake asubuhi nikaenda Kigonsera kufunga ruta nyingine. Simu ikaanza: BABU KOMBA amekata kauli, hali mbaya. Dakika mbili, tena. Dakika tatu, tena. Nikajua ni ruta inanisumbua tu, nikaizima simu, nikasema nitarekebisha nikirudi.

Nikarudi saa nane. Ofisi imefungwa, mlinzi wa getini kakaa peke yake ameinama.

"Wenzako wameenda msibani Lundo. Babu Komba hatunaye."

Nawaambia ukweli, machozi yalinitoka. Nikasema masikini Babu, juzi tu tumeongea, kaugua nini?

"Nikuulize wewe," akasema. "Si wewe uliyetutumia meseji tangu asubuhi?"

Nikaiwasha simu, nikaiona ile "Wote" kwenye kila meseji. Kumbe Adelina wa mapokezi, binti wa kuzaa wa Babu Komba, alipiga simu ya kituo, akamsikia baba yake "mwanangu... niache... nipumzike..." (mzee wa watu katoka lindo, anataka kulala), ikakatika, akaanguka palepale akilia, wenzetu wakampakia kwenye gari pamoja na unga, kuni na masufuria.

Nikachukua bodaboda, tukateremka milima ile yote mpaka ziwani, njia nzima natunga maneno ya kujitetea. Nilikuta uani watu wamejaa, akina mama wameshapika ugali (unga umeshafika, nani aurudishe?), na Adelina kamshika baba yake mkono hataki kuuachia, macho yamevimba. Hakunitazama. Hilo liliniuma kuliko yote.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba." Akanitazama juu mpaka chini. "Wenzako walisikia nimekufa, wakaja saa ileile. Wewe uliyewatangazia ndiyo kwanza unafika, watu wakishakula?"



Sasa vituo vyangu vyote vina namba, na ujumbe ni "sauti mbovu", basi. Meza yangu na ya Adelina zinapakana. Simu yake ikilia meseji, anafumba macho kwanza, ndipo anasoma. Jina la mtu aliye hai sitaliandika tena kwenye mashine.