Fundi Adrienne na CD ya mama Clotilde

Saa mbili asubuhi, katika kibanda cha matofali karibu na kambi ya zamani ya wafanyakazi wa shaba, mtaani Panda, mjini Likasi, Adrienne Mujinga anafungua skrubu ya nne ya mashine ya CD na kuiweka kwenye kizibo cha chupa ili isipotee. Anaondoa bati la juu, anachovya pamba kwenye spiriti, kisha anaipitisha taratibu juu ya lenzi isiyozidi punje ya dengu.

"Hii njo jicho yake," anasema bila kuinua kichwa. "Ikiwa na vumbi, haione. Bantu banasema appareil imekufa, kumbe iko tu na vumbi."

Adrienne ana miaka 47. Amekuwa fundi wa redio na vyombo vya muziki kwa miaka 23. Kazi hii alifundishwa na marehemu baba yake, mtu wa asili ya Kasai aliyekuwa fundi umeme mgodini. Baba huyo alikuwa na wana wanne wa kiume, na hakuna hata mmoja aliyekaa naye kwenye meza ya kazi.

"Bale walipenda mpira," anakumbuka. "Minye njo nilikuwa namushikia tochi. Siku moja aliniambia: leta hiyo tochi, weye kamata tournevis." Akampa bisibisi.

Siku ya kazi nzuri humpatia dola nane hadi kumi. Umeme ukikatika kutwa nzima hapati kitu, na karo za mabinti wake wawili hazisubiri.

Lakini kazi inayomfanya atajwe Panda yote haikuwa ya kutengeneza. Ilikuwa ya kuchagua.

Julai mwaka jana alipigiwa simu kutoka Kolwezi na muuguzi aitwaye Arielle. Baba yake Arielle, mwalimu mstaafu Éphraïm Kilufya, alikuwa anaishi peke yake Likasi, na mashine yake ya CD ilikuwa imekufa kabisa. Amplifaya na spika zake mbili zilikuwa bado nzima. Arielle alitaka baba anunuliwe kifaa kidogo cha kucheza muziki wa mtandaoni tu, ili amtumie nyimbo za kwaya ya wajukuu.

Adrienne alikwenda kwanza kumwona mzee.

"Alinipokea vizuri, akanipa kiti," anasimulia. "Kisha akasema: mama, kile kintu cha binti yangu hakina kinywa. CD nitaingiza wapi?"

CD aliyoizungumzia ilikuwa moja. Ilirekodiwa mwaka 2009 na kwaya ya wanawake, na mke wake, Clotilde, ndiye aliyeongoza. Clotilde alifariki miaka sita iliyopita. Nakala nyingine haikuwepo.

Adrienne alimrudia Arielle kwa simu na kumweleza kwamba baba yake anahitaji mashine moja yenye kazi zote mbili, isome CD na ipokee muziki wa simu kwa wifi. Arielle hakufurahi.

"Aliniuliza: mama, weye unanunulia nani?" anasema Adrienne. "Nikamujibu: namununulia ule atakayeketi mbele yake."

Mwishowe Arielle alikubali. Mashine za namna hiyo hazipatikani Likasi, kwa hiyo fundi alipanga kwenda Lubumbashi. Mzee alikataa kumkabidhi CD yake akaijaribie huko. Akapanda gari naye, CD ikiwa ndani ya shati, upande wa kifua.

Duka walilolifikia linauza vyombo vilivyotumika. Muuzaji, kijana mchangamfu aitwaye Franck, aliwawekea mashine tatu. Ya kwanza ilikuwa nzuri kwa macho, nyeusi, yenye kioo cha rangi. Franck alimvuta Adrienne pembeni na kumwahidi dola ishirini za mfukoni mwake iwapo ingechukuliwa hiyo.

Mashine ile ilisoma CD za dukani bila tabu. Ilipopewa ya mama Clotilde ilizungusha, ikazungusha, ikaitema.

"CD kama hii, ya kuchoma kwa kompyuta, inataka lentille yenye nguvu," Adrienne anaeleza. "Ile ilikuwa imechoka. Dola ishirini ningezila siku mbili. Mwalimu angekaa na sanduku miaka yote."

Ya pili iliisoma, lakini upande wa mtandao ulikuwa umekufa: programu yake ya simu haikuwa inatolewa tena na watengenezaji. Ya tatu ilikuwa na mikwaruzo usoni na haikuwa na rimoti. Adrienne aliiunganisha na simu yake, muziki ukaingia mara moja. Kisha mzee akatia CD.

Clotilde akaimba dukani. Wateja wawili waligeuka. Mzee alisimama ameshika ukingo wa meza.

Kwenye wimbo wa tano, ule ambao Clotilde aliimba peke yake, sauti ilikwama katikati. Franck alilaumu mashine. Adrienne akaichomoa CD, akaiinua dirishani, na mwanga ukapenya kwenye vitundu vidogo kama vya sindano. Utando wake wa fedha ulikuwa unabanduka.

"Ningeweza kunyamaza," anasema. "Lakini angejua nyumbani, akiwa peke yake. Nikamwambia: mwalimu, mashine ni nzima. CD njo inakufa."

Mzee aliketi juu ya sanduku la spika.

"Basi anaenda mara ya pili," alisema.

"Bado," Adrienne alimjibu. "Nyimbo zile bado zinasoma, tunazinakili leo. Tusingoje kesho."

Walinunua mashine ya tatu kwa dola 160 na kurudi Likasi jioni ile ile. Kwenye kompyuta ya jirani mwenye duka la dawa, Adrienne alinakili CD kwa mwendo wa polepole kabisa, akirudia kila palipokwama. Kati ya nyimbo kumi na moja, tisa zilitoka nzima. Mmoja ulipotea wote. Wa tano ulitoka nusu.

Arielle alitumiwa nyimbo hizo Kolwezi. Anakiri kwamba hakuwahi kuuliza ndani ya CD kulikuwa na nini. "Nilifikiri papa anapenda tu bintu vya zamani," anasema kwa simu. "Nilisikia mama, nikatoka kazini mbele ya saa."

Siku hizi mzee husikiliza kwaya ya wajukuu kutoka kwenye simu, kwa mashine ile ile. Wimbo wa tano nao huuweka, hadi unapokatika.

"Nusu yake iko," anasema. "Nusu ingine namalizia minye."

Tangu kanisa la mwalimu liliposikia habari hiyo, watu kumi na wanne wamemletea Adrienne CD na kaseti za jamaa zao. Anatumia bado kompyuta ya jirani, saa ambazo haina kazi. Anaweka akiba anunue yake, iliyotumika, na kidhibiti umeme cha kuilinda.

"Mwezi wa tisa nataka meza ya pili hapa," anasema, akionyesha ukuta wa kushoto, ambapo kwa sasa kuna marundo ya redio. "Huku kutengeneza, kule kunakili. Na binti yangu Viviane nitamufundisha kule. Bantu balete bintu vyao mapema. Minye siwezi kurudisha kile kimeshakwenda."