Mikono Kwapani

Muuguzi wa asubuhi, katika wodi yetu ya magoti hapa Busan, ana mikono baridi hivi kwamba nzi akitua juu yake huganda. Ndiyo maana, kabla hajagusa goti la mtu, huificha kwanza kwapani ipate joto, huku akitugombeza sote: "Kunja, bibi! Kunja zaidi!" Jana alikuja na picha ya mfupa wangu, mikono ikining'inia tu. Nikaogopa.

"Vidonge vya mifupa viko wapi?"

"Tumboni, mwanangu."

Akainua mto wangu. Vikamwagika sakafuni kama punje za mtama.

"Mfupa unaoshikilia goti lako la chuma unamomonyoka. Likilegea, unapasuliwa tena."

"Lakini mkwe wangu ananichemshia mifupa ya ng'ombe usiku kucha! Supu nyeupe kama maziwa!"

"Mifupa hiyo haikumsaidia hata ng'ombe mwenyewe, bibi."

Hakucheka. Akachukua chupa ya supu hiyo kando ya kitanda changu, akamimina kikombeni, akaniwekea kidonge kipya kiganjani, akasimama pale pale. Nikameza. Akaniamuru nipanue kinywa, akachungulia hadi chini ya ulimi. Ndipo akairudisha mikono yake kwapani.