Togwa Imepanda Mlimani

Kama hujawahi kumwona Skolastika akipanda mlima, basi wewe bado hujaona mtu anayepanda mlima. Kijiji chao cha Litenga ni kidogo, kimejibanza begani mwa milima ya Matogoro, na kwa misimu miwili ya kiangazi, kila akimaliza shamba lake la mahindi, mama huyu alikuwa anapanda na jembe na panga kuchonga njia hadi kwenye maporomoko ya maji. Peke yake. Watu walimcheka mpaka wakachoka. "Mama Skola, maji yapo bombani, hayo ya juu unaenda kuyasalimia?" Yeye anawajibu, "Subirini." Hakuwa na wasiwasi hata chembe.

Basi siku ikafika. Dorine, binti mwenye kampuni ya kutembeza wageni pale Majengo, mjini Songea, alimpigia simu: analeta wageni wanne, na wakipapenda, Litenga itaingia kwenye safari zake za kila mwezi. Wasipopapenda, anahamia kijiji kingine, mambo yameisha. Skola alimwomba jambo moja tu, wafike asubuhi, maana mchana ukungu unafunika mlima na huoni kitu.

Wakafika asubuhi. Lakini mwenyekiti wa kijiji, Fulgence, naye alikuwa kajiandaa! Suti, tai, turubai, viti vya plastiki. Jamani, kumheshimu mgeni kwetu ni ugonjwa. Mtu katoka Dar es Salaam kuja kuona mlima, wewe unamkalisha aupe mgongo. Wakatambulishwa wajumbe wote wa serikali ya kijiji. Wakatembezwa kuona mnara wa simu, wakaonyeshwa zahanati mpya na bati lake linavyong'aa. Wakarudishwa vitini, ikaanza risala. Mgeni mmoja akawa anapiga miayo waziwazi, na Dorine kila saa anatazama simu yake.

Skola akatazama juu. Ukungu ulishaanza kujikusanya upande wa pili. Moyo ukamwuma, kisha hasira zikampanda. Njia yote ile, halafu ife kwa sababu ya risala? Thubutu!

Akainuka taratibu, akazunguka nyuma ya turubai ilipokuwa ndoo ya togwa aliyoipika mwenyewe. Litenga nzima inajua: mgeni haagi kabla hajanywa togwa, na hapewi mpaka aliyeipika aionje kwanza mbele yake. Hata mwenyekiti hafungi mkutano bila hiyo. Skola akajitwika ndoo, akashika njia ya mlimani.

"Dada Skola!" Fulgence akaita, karatasi mkononi. "Togwa ya wageni unaipeleka wapi?"

"Inanywewa juu, Mwenyekiti. Kule kwenye baridi ndiko inakonoga."

"Risala haijaisha!"

"Njoo nayo."

Wageni walishasimama, wanacheka. Dorine akachukua begi lake. Wajumbe wakatazamana, kisha nao wakaifuata togwa, wangefanya nini? Nyuma kabisa akaja Fulgence na viatu vyake vilivyopigwa kiwi, anahema, tai kaitupia begani.

Walifika ukungu ukiwa bado mbali. Maji yanaruka kutoka kwenye mwamba mweusi, na chini bonde lote liko wazi, mashamba, mto, mabati ya Songea yanametameta kwa mbali. Hata wale wajumbe, waliozaliwa hapo hapo, wengi walikuwa hawajawahi kufika, nao walikodoa macho kama wageni. Skola akaonja togwa, akampa mgeni wa kwanza, akaona anavyotabasamu, na furaha ikamjaa mpaka akataka kupiga vigelegele.

"Mwezi ujao naleta wengine," Dorine akasema. "Na mwezi unaofuata. Mwenyekiti, hii njia nzuri hivi aliitengeneza nani? Kamati?"

Wajumbe wakatazama chini. Fulgence alikuwa na nafasi ya kusema ni kijiji, na hakuna ambaye angembishia. Akajipangusa jasho.

"Ni huyu," akasema. "Peke yake. Sisi tulikuwa tunamcheka."

Skola akamjazia kikombe mpaka juu, akampa kwa mikono miwili.

"Kunywa, Mwenyekiti. Kesho uje na jembe, na wajumbe wako wote. Kuna kipande pale konani kinataka ngazi."